Joto la Mwanzo: Jinsi Wanafizikia Walivyoitafuta Sekunde ya Kwanza

Elimu ya chimbuko la ulimwengu ina mwendo wa kinyume: kadiri miaka ya watafiti inavyosonga mbele, ndivyo wao wanavyozidi kurudi nyuma. Mwaka 1948 walikuwa wamefika kwenye dakika chache za mwanzo. Katika miaka ya 1970 waliivuka sekunde ya kwanza. Mwaka 1981 walitua kwenye kipande cha sekunde ambacho ukitaka kukiandika kwa desimali itakubidi uweke sifuri 34 baada ya nukta ndipo uandike 1. Hatua hiyo ya mwisho waliiruka, na waliporuka waliacha pengo. Pengo hilo liko kati ya mwisho wa ule utanukaji wa ghafla unaoitwa mfumuko na sekunde ya kwanza kutimia. Humo ndimo lilimozaliwa joto lote lililofuata, na yaelekea pia maada yote tuliyoumbwa nayo. Kulielewa pengo hilo kunataka kwanza tujue lilivyopatikana.

Nyota zenye heliamu nyingi mno, 1925–1946

Mwaka 1925 Cecilia Payne, binti wa Kiingereza aliyekuwa akisoma Harvard, Marekani, alichambua mwanga wa nyota na kukuta kwamba sehemu kubwa ya nyota ni haidrojeni na heliamu. Chuma, kalisi na vinginevyo ni kiasi kidogo mno. Henry Norris Russell, mtaalamu wa falaki aliyekuwa na sauti kubwa nchini humo, alimshauri asiyaamini matokeo hayo, naye Payne akaandika kwenye tasnifu yake kwamba karibu kwa hakika si ya kweli. Miaka minne haikupita bure: Russell alifika palepale kwa njia nyingine, akakiri kuwa binti yule alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Likabaki swali. Heliamu ni karibu robo ya uzito wa maada ya kawaida. Imetoka wapi? Nyota huunguza haidrojeni na kutoa heliamu, lakini huifanya kazi hiyo polepole, na sehemu kubwa ya kinachotengenezwa hubaki ndani ya matumbo yake. Umri wote wa ulimwengu hautoshi kuzalisha robo nzima kwa njia hiyo.

Wakati huohuo hesabu za nadharia ya Einstein zilikuwa zikipeleka watu kwingine. Alexander Friedmann, huko Petrograd, alionyesha mwaka 1922 kwamba ulimwengu unaweza kutanuka. Padri Mbelgiji, Georges Lemaître, alifika hapohapo mwaka 1927 bila kuijua kazi ya Friedmann, na Edwin Hubble akachapisha vipimo vya galaksi zinazotukimbia mwaka 1929. Lemaître alithubutu zaidi: mwaka 1931 alipendekeza kwamba vyote vilitoka katika atomi moja kuu iliyopasuka. Atomi yake, hata hivyo, ilikuwa ya baridi. Suala la joto halikuwa limeguswa.

Mwanafunzi wa usiku, 1948

Aliyeutia moto mwanzo huo ni George Gamow, mzaliwa wa Odessa aliyeutoroka Umoja wa Kisovieti na kupata kazi katika Chuo Kikuu cha George Washington. Fizikia ya viini vya atomi aliijua vizuri, na hoja yake ilikuwa fupi: ikiwa ulimwengu wote uliwahi kubanwa kiasi hicho, basi uliwahi kuwa na moto wa kutosha kuunganisha viini. Kazi ya kupiga hesabu alimpa mwanafunzi wake, Ralph Alpher, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, ambaye mchana alifanya kazi katika maabara ya Johns Hopkins na usiku alihudhuria masomo.

Alpher alifika kwa wakati wake. Vita vilikuwa vimekwisha, na vipimo vya nyutroni vilivyotokana na utafiti wa vinu vya nyuklia vilianza kutolewa hadharani. Alimsikiliza mwanafizikia Donald Hughes akieleza jinsi kila elementi inavyonasa nyutroni, akagundua kwamba zile zinazonasa kwa urahisi ndizo adimu katika maumbile, na zile zinazozikataa ndizo tele. Hapo akaona njia: elementi zilijengwa hatua kwa hatua, ndani ya moto, kwa kunasa nyutroni. Makala yao ilichapishwa tarehe 1 Aprili 1948. Gamow aliongeza jina la rafiki yake Hans Bethe, ili majina matatu yafuatane kwa mlio wa alfa, beta, gama. Alpher aliogopa kwamba jina la mwanafunzi litamezwa kati ya majina mawili makubwa, na hofu yake ilitimia. Siku ya kutetea tasnifu yake ukumbi ulijaa watu wapatao 300, magazeti yakaandika, kisha dunia ikamsahau.

Wazo lenyewe lilihitaji marekebisho, na Chushiro Hayashi wa Japani aliyaleta mwaka 1950: katika joto lile nyutroni na protoni zilikuwa zikibadilishana hali, moja ikigeuka nyingine. Baada ya hapo heliamu inaweza kupigiwa hesabu kwa kalamu na karatasi.

Ulimwengu ulipofikisha umri wa sekunde moja, joto lilikuwa takriban nyuzi bilioni 10. Utanukaji ulikuwa wa kasi kiasi kwamba mabadilishano yale hayakuweza tena kuufuata, na uwiano ukabaki nyutroni moja kwa protoni sita hivi. Haikuwezekana ziungane papo hapo. Hatua ya kwanza ni nyutroni moja na protoni moja kufanya deuteriamu, nayo huvunjika kirahisi. Kwa kila chembe moja ya kiini kulikuwa na chembe za mwanga zaidi ya bilioni moja, na zile chache zenye nguvu nyingi zilitosha kuivunja deuteriamu kila ilipoungana. Ikabidi ungojwe upungufu wa joto hadi chini ya nyuzi bilioni 1, yapata dakika tatu. Katika kungoja huko nyutroni nyingine zilioza zenyewe, uwiano ukawa moja kwa saba. Basi chukua chembe 16: nyutroni 2, protoni 14. Nyutroni zote mbili huchukuana na protoni mbili kufanya kiini kimoja cha heliamu, chenye chembe nne. Protoni 12 hubaki zikiwa haidrojeni. Nne katika 16 ni robo, na robo ndiyo inayoonekana angani.

Kisha ujenzi ukasimama. Hakuna kiini chenye chembe 5 kinachodumu, wala chenye 8, kwa hiyo ngazi ilikatika mapema. Kaboni, oksijeni na chuma havikutoka humo. Hapo ndoto ya Gamow ya kuzipata elementi zote kwa mara moja ilikwama, na wapinzani wake wakapata la kusema.

Ubashiri uliolala, 1948–1963

Mwaka huohuo wa 1948 Alpher na mwenzake Robert Herman waliandika jambo ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko hesabu ya heliamu. Mwanga wa moto ule hauna pa kwenda, kwa kuwa ulimwengu hauna nje. Utaendelea kuwapo, ukipoa kadiri nafasi inavyotanuka. Wakakadiria kwamba leo lazima uwe umefika nyuzi 5 hivi juu ya sifuri kamili, baridi inayokaribia nyuzi 270 chini ya maji kuganda.

Hakuna aliyekwenda kuutafuta. Wenyewe walikumbuka baadaye kwamba wataalamu waliowauliza waliwaambia kipimo kama hicho hakiwezekani. Alpher alihamia kampuni ya General Electric mwaka 1955, Herman akaenda General Motors mwaka uliofuata. Ajabu ni kwamba dalili ilikuwa imeshaandikwa. Mwaka 1941, huko Victoria, Kanada, Andrew McKellar alipima molekuli za sianojeni zilizo katika anga baina ya nyota, akakuta zinatikiswa na kitu chenye joto la nyuzi 2.3. Kipimo kile kilikaa vitabuni, na ubashiri ukakaa katika jarida, bila mtu wa kuvikutanisha.

Sababu haikuwa uzembe tu. Wapima molekuli, wajuzi wa redio na wapiga hesabu za viini walikuwa watu wa fani tatu zisizosomana. Tena upande wa pili ulikuwa na nguvu. Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold, huko Cambridge, walikuwa wametoa mwaka 1948 nadharia ya ulimwengu usio na mwanzo, unaozaa maada mpya kidogo kidogo. Hoyle ndiye aliyeubatiza mtazamo wa wapinzani wake jina la mlipuko mkuu, akizungumza katika redio ya BBC mwezi Machi 1949. Mwaka 1957 yeye, William Fowler, Margaret Burbidge na Geoffrey Burbidge walieleza jinsi nyota zinavyopika elementi nzito. Walikuwa sahihi kabisa kuhusu elementi nzito, kama Gamow alivyokuwa sahihi kuhusu heliamu. Kila upande ulikuwa na nusu ya ukweli, na ilichukua miaka kuziunganisha nusu hizo.

Holmdel, 1964–1965

Antena ya Holmdel, katika jimbo la New Jersey, ilikuwa na umbo la pembe kubwa, mdomo wake ukiwa na upana wa mita 6 hivi. Maabara za Bell ziliijenga kwa ajili ya Echo, puto la kuakisi mawimbi lililorushwa angani mwaka 1960. Kazi hiyo ilipokwisha, vijana wawili waliomba waitumie kwa elimu ya falaki: Arno Penzias, mzaliwa wa Munich aliyetolewa Ujerumani akiwa mtoto mwaka 1939, na Robert Wilson wa Houston.

Walianza kwa kupima urefu wa wimbi wa sentimita 7.35, ambako walitarajia kimya. Wakakuta vuma la ziada la nyuzi 3.5. Lilikuwapo mchana na usiku. Lilikuwapo walipoielekeza antena upande wa jiji la New York na walipoielekeza penye anga tupu. Misimu ilibadilika, lenyewe halikubadilika. Walikagua kila kiungo, wakabandika utepe wa alumini kwenye maungio yenye ribiti. Njiwa wawili walikuwa wamejenga kiota ndani ya pembe na kuitapakaza kinyesi. Wakawafukuza, njiwa wakarudi, hatimaye wakauawa, na antena ikasafishwa. Vuma likabaki palepale. Uzito wa kazi yao uko hapo: walikuwa na kifaa cha kulinganishia kilichopozwa kwa heliamu ya kimiminika, kwa hiyo walijua kwa hakika kwamba nyuzi zile hazikutoka kwenye mashine.

Umbali mfupi kutoka hapo, katika Chuo Kikuu cha Princeton, Robert Dicke na vijana wake walikuwa wakijenga antena ya kutafuta kitu hichohicho. Dicke alikuwa ameanza upya hesabu za joto la mwanzo pasipo kuikumbuka kazi ya Alpher na Herman, na Jim Peebles alizikamilisha. Habari za mhadhara wa Peebles zilimfikia Bernard Burke, na Burke akamwambia Penzias kwa simu awatafute watu wa Princeton. Makala mbili zilitoka pamoja katika jarida moja mwezi Julai 1965. Ile ya Penzias na Wilson ilitaja joto tu na kuwaachia wenzao maelezo. Ile ya Princeton haikuutaja ubashiri wa nyuzi 5.

Alpher aliumia, na alikuwa na haki ya kuumia. Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilikabidhiwa kwa niaba yake kwa mwanawe mwezi Julai 2007. Yeye mwenyewe alifariki wiki chache baadaye.

Mwanga ule ulitoka ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Kabla ya hapo elektroni zilizagaa huru na mwanga haukuweza kusafiri bila kugongana nazo. Joto liliposhuka hadi nyuzi 3,000 elektroni zilikamatwa na viini, atomi zikatimia, na njia ikafunguka. Waliokuwa na televisheni za antena wanazikumbuka chenga zilizojaa kwenye skrini pasipokuwa na stesheni. Sehemu ndogo ya chenga hizo ilikuwa mwanga huo huo.

Ukuta wa nyuzi trilioni mbili, 1965–1979

Ushahidi ulipopatikana, wanafizikia walipata ujasiri wa kurudi nyuma zaidi. Walikutana na ukuta. Rolf Hagedorn wa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, alikuwa amehitimisha mwaka 1965 kwamba haiwezekani kuvuka nyuzi trilioni mbili hivi. Maabara zilikuwa zikivumbua aina mpya za chembe kila mwaka, na kwa hesabu yake nishati yoyote ya ziada ingeishia kuzaa chembe nyingine nzito zaidi badala ya kupandisha joto. Kama hiyo ndiyo kweli, historia ya ulimwengu isingeweza kusimuliwa zaidi ya hapo.

Ukuta ulibomoka mwaka 1973. David Gross, Frank Wilczek na David Politzer walionyesha kwamba kwaki, zile zinazojenga protoni na nyutroni, hushikana kwa nguvu zinapokuwa mbali na hulegea zinapokaribiana. Maana yake ni kwamba katika msongamano wa mwanzo hakukuwa na protoni wala nyutroni, bali kwaki huru, na joto lingeweza kupanda bila kikomo hicho. Nyuzi za Hagedorn ziligeuka kuwa mpaka wa badiliko: penye sehemu 1 ya 100,000 ya sekunde, kwaki ziliungana kuwa protoni na nyutroni. Jambo hilo lilikuja kuonekana kwa vyombo. Brookhaven, Marekani, waligonganisha viini vya dhahabu, na mwaka 2005 wakatangaza kwamba kinachotokea hutiririka kama kimiminika chenye mnato mdogo mno, hali ambayo wengi hawakuitarajia.

Ushirikiano wa anga na maabara ulizaa tunda jingine. Idadi ya aina za nyutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji, huongeza kasi ya utanukaji katika sekunde ile ya kwanza, na kasi hubadilisha kiasi cha heliamu. Mwaka 1977 Gary Steigman, David Schramm na James Gunn walitumia heliamu kuweka kikomo cha idadi hiyo. Mwaka 1989 mashine ya LEP huko CERN ilipima moja kwa moja: aina tatu, kama heliamu ya angani ilivyoelekeza.

Swali moja lilibaki zito kuliko mengine. Kila chembe ina kinyume chake, na zikikutana hufutana. Kwa nini maada ilibaki? Mwaka 1967 Andrei Sakharov, aliyekuwa bado mtaalamu wa silaha za nyuklia za Kisovieti, aliorodhesha masharti matatu: pawepo michakato inayobadili idadi ya chembe za maada, maumbile yasitendee maada na kinyume chake kwa usawa kamili, na hayo yatokee wakati ulimwengu hauko katika mizani. Ziada iliyohitajika ni ndogo mno: kwa kila chembe bilioni moja za kinyume, bilioni moja na moja za maada. Hiyo moja iliyozidi ndiyo sisi. Ilitokea lini? Hapo ndipo mfumuko ulipokuja kuibana historia.

Mfumuko na ubaridi wake, 1979–1982

Mwezi Novemba 1978 Dicke yuleyule wa Princeton alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Cornell kuhusu fumbo la usawa: penye sekunde moja, wiani wa ulimwengu ulipaswa kukaribiana na kiwango kimoja maalumu kwa usahihi wa sehemu moja katika trilioni nyingi, la sivyo ungeporomoka au kutawanyika zamani. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo kijana Alan Guth. Yeye na Henry Tye walikuwa wakihangaika na fumbo jingine: nadharia za wakati huo zilidai kwamba mwanzoni zilizaliwa sumaku tele zenye ncha moja tu, na hakuna aliyewahi kuziona.

Usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Desemba 1979, huko California, Guth alipiga hesabu ya ulimwengu uliojaa nishati ya uga mmoja, yaani kitu kinachoenea katika anga nzima, uliochelewa kubadili hali. Ulimwengu wa namna hiyo hutanuka kwa kujirudufu tena na tena, hadi kila urefu uzidishwe kwa namba yenye sifuri zaidi ya 25. Utanukaji huo hunyoosha kila mpindo, hutawanya sumaku zile zisionekane, na hueleza kwa nini pande mbili za anga zinazoangaliana zina joto moja. Huko Moscow, Alexei Starobinsky alikuwa ameshafika kwenye utanukaji kama huo kwa njia yake. Guth alichapisha mwaka 1981.

Dawa hiyo ilikuwa na madhara yake. Utanukaji unaotawanya sumaku hutawanya kila kitu. Mfumuko unapokwisha, ulimwengu ni mtupu na wa baridi. Haubaki na moto wa Gamow, wala chembe ya Alpher, wala ziada ya Sakharov kama ilikuwa imeshatokea. Vyote hivyo lazima vizaliwe baadaye. Guth alitumaini kwamba mabadiliko ya hali yangetokea kwa mapovu, na mapovu yakigongana yangetoa joto. Hesabu zikamkatalia: nafasi kati ya mapovu inatanuka upesi mno yasiweze kukutana, na joto lingebaki kwenye kuta zao. Aliliandika tatizo hilo mwenyewe ndani ya makala yake, uaminifu ninaouthamini sana kwa mtu aliyekuwa akitafuta kazi ya kudumu wakati huo.

Mwaka 1982 Andrei Linde huko Moscow, na Andreas Albrecht pamoja na Paul Steinhardt huko Pennsylvania, walipendekeza njia nyingine. Uga hushuka mteremko taratibu, na mfumuko hudumu muda wote wa mteremko. Unapofika bondeni huanza kuyumba huku na huko. Nishati yote iliyousukuma ulimwengu sasa imo katika kuyumba huko, na kuyumba huko ndiko kunakopaswa kugeuka chembe na joto.

Kupashwa moto upya, 1982–1997

Makala za kwanza kuhusu kugeuka huko zilitoka mwaka huohuo wa 1982. Zilichukulia kwamba kila chembe ya uga huoza peke yake, bila kujali nyingine. Kwa hesabu hiyo kazi ni ya polepole, na joto linalopatikana ni la wastani. Kwa miaka minane hivi watu wengi waliridhika na jibu hilo.

Mwaka 1990 Jennie Traschen na Robert Brandenberger waliona kasoro yake. Uga hauyumbi chembe moja moja. Unayumba wote kwa pamoja, kwa mpigo mmoja, katika anga nzima. Mtoto aliye juu ya bembea akikunja na kunyoosha miguu kwa mpigo unaofaa, bembea hupanda juu zaidi kila mzunguko bila mtu kumsukuma. Vivyo hivyo, uga unaoyumba kwa mpigo huzidisha mawimbi ya uga mwingine ulioungana nao, na kila mzunguko hukuta chembe nyingi zaidi kuliko uliotangulia. Mwaka 1994 Lev Kofman, Linde na Starobinsky waliandika nadharia yake kwa ukamilifu zaidi, na mwaka 1997 wakaipanua. Katika mizunguko michache tu, sehemu kubwa ya nishati inaweza kuwa imehama.

Hata hivyo, chembe zinazotoka hapo bado si joto. Zimejikusanya kwenye urefu fulani wa mawimbi, nyingi kupita kiasi hapa na chache pale. Zinagongana, zinausumbua uga uliozizaa, mpigo unavurugika, na ukuaji unakoma. Kisha hufuata kipindi kirefu cha vurugu ambacho kalamu na karatasi havikitoshi. Kuanzia mwaka 1996, kwa kazi ya Sergei Khlebnikov na Igor Tkachev, kilianza kufuatiliwa kwa kompyuta. Mwishoni nishati husambaa kwa wote, na hapo ndipo neno joto linapopata maana yake.

Kiwango cha joto hilo kina uzito mkubwa. Likizidi sana, sumaku za ncha moja zilizofukuzwa na mfumuko zingezaliwa upya. Likipungua sana, baadhi ya njia za kutimiza masharti ya Sakharov hufungwa. Nami naona kwamba vurugu yenyewe, ulimwengu ukiwa mbali kabisa na mizani, inaligusa moja kwa moja sharti lake la tatu, ndiyo maana watafiti wengi wameitafuta humo asili ya ile chembe moja iliyozidi.

Alama angani, 1989–2015

Setilaiti ya COBE ilirushwa tarehe 18 Novemba 1989. Ilikuwa isafiri kwa chombo cha Shuttle, lakini ajali ya Challenger, kimojawapo cha vyombo hivyo, ya mwaka 1986 ililazimisha iundwe upya, nyepesi, kwa roketi ya Delta. Mwezi Januari 1990 John Mather aliwaonyesha wataalamu mchoro wa dakika tisa tu za vipimo: joto la nyuzi 2.735, na nukta zote zikiwa juu ya mkunjo uliotabiriwa na nadharia. Ukumbi ulisimama na kupiga makofi. Mwaka 1992 timu ya George Smoot ilipata tofauti za joto za sehemu moja katika 100,000, mbegu za galaksi zote. Setilaiti za WMAP ya mwaka 2001 na Planck ya mwaka 2009 zilizichora kwa undani, zikatoa umri wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8. Mpangilio wa tofauti hizo unakubaliana na mitetemo midogo ya uga wakati wa mfumuko.

Kilichokosekana ni mawimbi ya uvutano ambayo mfumuko wenyewe ulipaswa kuyaacha. Mwezi Machi 2014 timu ya BICEP2, iliyofanya kazi kwenye Ncha ya Kusini, ilitangaza kwamba imeiona alama yake katika mwelekeo wa mtetemo wa mawimbi ya mwanga wa kale. Shangwe ilienea duniani. Planck ilipopima vumbi la galaksi yetu, ikaonekana kwamba vumbi hilo linatosha kueleza sehemu kubwa ya alama ile, na mapema mwaka 2015 timu hizo mbili kwa pamoja zililiondoa dai hilo. Naihesabu siku hiyo kuwa njema kwa sayansi, kwa sababu waliokosea walikaa meza moja na waliowasahihisha, wakaweka data zao pamoja.

Lililobaki kupimwa

Basi tuko wapi? Heliamu inathibitisha kwamba sekunde ya kwanza ilipotimia ulimwengu ulikuwa umejaa joto lililotulia, kwa hiyo upashaji moto ulikuwa umekwisha. Ulifika nyuzi ngapi? Kikomo cha chini, kinachotokana na heliamu na nyutrino, ni makumi ya bilioni ya nyuzi. Cha juu, kinachotokana na nishati ya mfumuko, ni namba yenye sifuri 28. Kati ya vikomo hivyo kuna tofauti ya sifuri karibu 17, na hakuna kipimo hata kimoja kilichoingia humo.

Mwanga hauwezi kutusaidia, maana kabla ya miaka 380,000 ulikuwa umenaswa. Mawimbi ya uvutano hayanaswi. Shirika la Anga la Ulaya liliidhinisha mwezi Januari 2024 mradi wa LISA, vyombo vitatu vitakavyoruka umbali wa kilomita milioni 2.5 kimoja kutoka kingine, vikirushwa katikati ya miaka ya 2030. Masafa yake yanalingana na wakati ambapo chembe zilipata uzito wake kwa uga wa Higgs, sehemu ya sekunde yenye sifuri 11 baada ya nukta. Kama badiliko hilo lilikuwa la vurugu, LISA inaweza kulisikia. Mawimbi ya upashaji moto wenyewe yako mbali zaidi: mengi yao yangetetema mamilioni hadi mabilioni ya mara kwa sekunde, juu ya uwezo wa LISA na wa vituo vilivyopo ardhini. Kuyapata kunahitaji vyombo vifupi, na baadhi ya maabara zimeanza kuchora vya kutosha kukaa ndani ya chumba kimoja, vyenye matundu ya metali yaliyopozwa na sumaku kali, ambamo wimbi la uvutano likipita litaacha mtetemo wa redio. Usikivu wa michoro hiyo bado uko chini sana ya unaohitajika.